Mama Chembe na kilima cha vumbi kisichokuwepo

Saa moja kasorobo asubuhi, juu ya paa la ofisi ya afya ya mji, mwanamke wa miaka hamsini na minane amepiga magoti mbele ya bomba la kioo lililoungwa kwenye pampu ya mashine yake, anasubiri kiputo cha sabuni kipande juu.

Ni kiputo kimoja tu, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Kimezaliwa chini, kwenye maji ya sabuni, na sasa kinapanda taratibu ndani ya kioo kikiwa kimebeba rangi zote za asubuhi: waridi, kijani, na zambarau kidogo pembeni. Mwanamke ameshika saa ya kubonyeza. Midomo yake inahesabu bila sauti. Kiputo kikigusa alama ya juu, anabonyeza.

"Sekunde thelathini," anasema, na uso unamlainika kama wa mtu aliyejuliwa hali. "Leo pampu imeamka salama."

Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni nusu lita. Sekunde thelathini kwa nusu lita maana yake mashine yake inavuta lita moja ya hewa kila dakika. Ingekuwa thelathini na tatu, hewa inayoingia ingekuwa pungufu, na kila hesabu ya siku hiyo ingekuwa na kasoro kabla haijaandikwa.

Kisha anafunika mdomo wa mpira unaoingiza hewa kwenye mashine kwa kichungi cheupe kinachopitisha hewa tupu. Namba kwenye mashine zinashuka, zinasita, zinakuwa sufuri tupu. Anazitazama sufuri hizo kwa muda, kama mtu anayetazama maji yaliyotulia.

"Mashine isiyojua kusema hakuna, usiiamini ikikwambia kipo," anasema. Anaondoa kichungi, na mji mzima unaanza kuingia kwenye mpira, chembe moja baada ya nyingine.

Kazi yake ni kuhesabu vumbi. Si lile la kufagia, bali lile linaloelea hewani bila kuonekana, ambalo mtu analivuta puani asijue. Ofisini jina lake limeandikwa mlangoni, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Watu wazima na watoto wanamwita Mama Chembe.

Alianza kulitazama vumbi akiwa na miaka saba. Aliugua akalazwa nyumbani wiki tatu, katika chumba ambacho bati lake lilikuwa na tundu dogo la msumari. Kila asubuhi mshale wa jua ulipenya hapo ukasimama katikati ya chumba, na ndani yake kulikuwa na vitu vidogo vinavyocheza.

"Nilimuuliza mama, vile ni nini? Akasema ni vumbi, mwanangu. Nikamuuliza, mbona halianguki?" anakumbuka. "Mama alikuwa na nguo za watu za kufua, beseni mbili zimejaa. Angeweza kuniambia lala. Lakini alikaa kitandani, akaegemea ukuta, akasema, 'Hata mimi sijui. Hebu tuliangalie.' Tukaliangalia mpaka jua likahama."

Mama huyo sasa ana miaka themanini na mmoja, na bado anaishi na bintiye katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na kitukuu wa miaka mitano anayeitwa Kifaranga kwa sababu ya sauti yake. Mshahara wa Mama Chembe, ukishatoa kodi na dawa za mzee, unabakiza nauli na mboga. Yeye mwenyewe anasema hajawahi kuuota utajiri, ila vumbi ameliota mara nyingi.

Ofisini aliingia kama mfagizi. Mpimaji wa wakati huo, mzee ambaye sasa ni marehemu, alimwona akisimama na ufagio mlangoni kila mashine ilipowashwa. Siku moja akamsogezea kiti. Kwenye kiti hicho Mama Chembe alijifunza kazi kwa miaka minne, na mzee alipostaafu akaachiwa funguo. Ni miaka ishirini na saba sasa.

Ukimwomba aeleze mashine inafanya nini, anafumba macho kwanza.

"Chukulia kuna nyumba yenye giza," anasema. "Mlangoni kuna mshumaa na bawabu. Kila chembe inayopita mbele ya mwanga inametameta mara moja. Kubwa inameta sana, ndogo inameta kidogo. Bawabu anaangalia mmeto, anasema, wewe nenda chumba cha kwanza, wewe cha pili, wewe cha tisa. Jioni mimi nakuja kuuliza, kila chumba kimepokea wangapi?"

Mshumaa huo ni mwanga wa leza, na vyumba ni makundi ya ukubwa. Chumba cha kwanza ni cha chembe ndogo kabisa, ambazo zingepangwa mia mbili kwenye mstari ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Kila chumba kinachofuata ni cha chembe kubwa kidogo kuliko zilizotangulia.

Lakini bawabu hana akili nyingi. Chembe mbili zikipita zimekumbatiana, anahesabu moja. Mpira ukiwa na kona kali, chembe kubwa zinajigonga ukutani zikabaki humo, hazimfikii kabisa. Yote hayo mpimaji lazima ayajue na kuyarekebisha. Halafu anagawanya idadi kwa lita za hewa zilizovutwa. Halafu anaigeuza idadi kuwa uzito, kwa sababu chembe yenye upana mara kumi ya mwenzake inaizidi uzito mara elfu. Mwisho anachora picha ya nguzo, moja kwa kila chumba, na penye nguzo ndefu ndipo penye kilima. Kilima kikiwa upande wa chembe kubwa, mtu anatafuta msumeno, jiwe au barabara ya udongo. Kikiwa upande wa ndogo, anatafuta moto.

Kuna hatua moja ndogo iliyobaki, na hiyo ndiyo aliyoiruka mwaka huu.

Nyuma ya soko kuna shule ya chekechea yenye watoto arobaini na watatu. Ukuta wake wa upande mmoja ni ukuta pia wa karakana ya maseremala. Msimu wa baridi ulipoanza, watoto walianza kukohoa, na Kifaranga alikuwa mmoja wao. Alikuwa akirudi nyumbani amevaa sweta la bluu, na usiku anakohoa mpaka machozi yanamtoka, halafu anaomba radhi kwa kuwaamsha wakubwa.

Wazazi walilalamika. Ofisi ikamtuma Mama Chembe kupima.

Mashine ya zamani ilikuwa imekufa miezi miwili kabla, na ofisi ilipewa mpya, nyepesi, ya kubebwa mkononi. Ile ya zamani ilikuwa na vyumba kumi na vitano, vyote vya upana mmoja. Hii mpya ina vyumba kumi tu. Tisa ni sawasawa na vya zamani, lakini cha mwisho kimeunganisha vyumba sita kuwa kimoja. Ni ukumbi.

Mama Chembe aliliona hilo kwenye kijitabu cha maelezo, akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha akazijaza hesabu kwenye jedwali lake la siku zote, lile la mashine ya zamani, ambalo halikuwa na safu ya kugawanya kwa upana wa chumba. Halikuihitaji. Vyumba vyote vikiwa sawa, ugawanye usigawanye, umbo la picha halibadiliki.

Picha ikatoka. Chumba cha kwanza, upande wa moshi, nguzo ya ishirini. Chumba cha mwisho, upande wa unga wa mbao, nguzo ya arobaini na nane.

"Nilikiona kilima, nikaona na karakana dirishani, nikasikia msumeno," anasema, sauti ikiwa chini. "Na nyumbani mtoto anakohoa. Siku ile nilikuwa bibi kwanza, mpimaji baadaye. Niliona nilichokuwa nakitafuta."

Ripoti ilipigwa muhuri. Kesho yake karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa karakana na kufuli likafungwa. Mafundi kumi na mmoja wakabaki nje, wameshika mifuko ya vyakula vyao vya mchana. Kazi ya madawati arobaini, waliyokuwa wameifikisha nusu, ikahamia kwa wengine.

Mama Chembe aliendelea kupima, kwa kuwa ndiyo kawaida: ukifunga mlango, unarudi kuona kama vumbi limepungua. Siku ya tatu kilima kilikuwa palepale. Siku ya sita pia. Siku ya tisa alipita karakana na kumkuta fundi mkuu amekaa kwenye kigoda nje ya mlango uliofungwa, ananoa randa isiyokuwa na kazi. Watu wanamwita Mzee Randa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akainuka, akampisha kigoda chenyewe, yeye akakalia tofali.

Mama Chembe anasema alitamani mzee yule amfokee. Badala yake aliuliza hali ya mtoto.

"Bado anakohoa," alijibu.

"Na vumbi langu?"

"Bado lipo, mzee."

Mzee Randa aliipuliza randa, akaitazama kwa jicho moja. "Basi vumbi langu lina ufunguo wake," alisema. "Mimi sina."

Wakacheka wote wawili. Mzee alimwonyesha kwa kidole kupitia ufa wa mlango: sakafu waliyokuwa wakiimwagia maji kila asubuhi, magunia yaliyoloweshwa na kutundikwa upande wa shule, maranda yaliyokusanywa kwenye pipa lenye kifuniko. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo. Walianza siku shule ilipofunguliwa, kwa sababu walisikia watoto wakiimba.

"Nililala vibaya," anasema Mama Chembe. "Kichwani nilikuwa nazungusha hesabu, nazirudia, zinatoka vilevile. Kujumlisha kulikuwa sahihi, na kugawanya kwa lita pia. Kosa lilikuwa limekaa mahali ambapo sikuwa na safu ya kulitafutia."

Siku ya kumi na nne ikanyesha mvua.

Mtaani kwao bomba hukauka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo mvua ikianza kila chombo hutoka nje. Mama yake alipanga uani sufuria pana na, pembeni yake, kopo jembamba. Mvua ilikuwa ya kutulia, isiyo na upepo, mvua inayofanya watu waongee polepole. Wote watatu walikaa mlangoni wakiitazama. Ilipokatika, mama yake alimimina kopo kwenye ndoo, kisha sufuria.

Kifaranga alikunja uso. "Bibi, mvua inapendelea."

"Inampendelea nani?"

"Sufuria. Imepewa maji mengi. Kopo limepewa kidogo."

Bibi mkubwa, mama wa Mama Chembe, alicheka mpaka akashika mlango. "Njoo hapa, hakimu," alimwambia mtoto. Mvua ilikuwa inaanza tena. Akavirudisha vyombo nje, wakasubiri, kisha akamshika mtoto mkono na kuchovya kidole chake kwenye sufuria, wima, mpaka chini.

"Maji yamefika wapi?"

"Hapa. Kwenye pingili."

Wakachovya kidole kilekile kwenye kopo.

"Na huku?"

Mtoto alikitazama kidole chake, akatazama juu mbinguni. "Palepale," alisema.

"Basi haikupendelea. Sufuria ina mdomo mkubwa, ndiyo maana."

Mama Chembe alikuwa ameshasimama. Anasema alisikia masikio yanamvuma kama yuko ndani ya mtungi. Aliingia chumbani, akachukua daftari la ofisi, akaketi sakafuni. Ukumbi ulikuwa na mdomo wa vyumba sita. Arobaini na nane gawanya kwa sita, nane. Chumba cha kwanza kilikuwa na mdomo wa chumba kimoja. Ishirini gawanya kwa moja, ishirini.

Nguzo ndefu ikawa fupi, na fupi ikawa ndefu. Kilima kilikuwa upande wa moto tangu siku ya kwanza.

"Sikulia," anasema. "Nilikaa tu. Mama alikuja akanifunika kanga mabegani. Nikamwambia, mama, nimewafungia watu kwa sababu ya mdomo wa sufuria. Akasema, 'Basi kesho amka mapema.'"

Aliamka mapema. Mkuu wa ofisi, mwanamume mpole anayependa kufuta miwani anapofikiri, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Chembe," alisema, "ripoti imeshapigwa muhuri. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji ndiyo hayazoleki, mkuu. Karatasi inaandikwa upya."

"Watasema ofisi yetu haijui kuhesabu."

"Watasema kweli, kwa siku moja. Tukinyamaza itakuwa kweli siku zote."

"Umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Barua ya onyo itaingia kwenye faili lako. Labda na zaidi ya barua."

"Ndiyo maana sitaki kustaafu nikiwa na kufuli la watu mkobani."

Mkuu alifuta miwani muda mrefu, ikawa safi kupita kiasi. Kisha akavuta kalamu. "Lete niweke sahihi," alisema, "kabla akili hazijanirudia."

Kutoka hapo alikwenda karakana kwa miguu. Mafundi wanane walikuwepo, wamekaa kivulini. Aliwaeleza akiwa amesimama, bila kuzunguka: kosa si la mashine, kosa ni langu, nimelileta mwenyewe mlisikie kwangu.

Fundi wa kupaka vanishi, mwanamke mwenye watoto watatu, ndiye aliyejibu kwanza. "Kwa hiyo siku kumi na tano watoto wangu wamekula hesabu?"

"Alikuwa na haki," anasema Mama Chembe leo. "Mpaka sasa tukikutana ananisalimia, lakini hasimami. Simlaumu."

Wawili kati ya mafundi kumi na mmoja walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi mji mwingine. Hawajarudi. Ukimuuliza Mama Chembe kuhusu hao, anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua.

Mzee Randa alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Umekuja na jua lote hili kwa miguu?" Akageuka nyuma. "Mpeni mama maji."

Lakini kufuli halifunguliwi na maneno ya mtu mmoja. Kamati ya afya ya mji ilikaa siku nne baadaye, watu watano kwenye meza ndefu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliweka ripoti mbili mbele yake, ya zamani na mpya.

"Mama, hesabu ya mwanzo ulituapia ni sahihi," alisema. "Tutaaminije ya leo?"

Mama Chembe alifungua mfuko wake wa kikapu. Akatoa sufuria, akatoa kopo, akatoa chupa ya maji. Mjumbe mmoja alinong'ona, "Tunapikiwa?" na wengine wakacheka. Akamimina maji taratibu kwenye vyombo vyote viwili, akasimama, akasema:

"Naomba mwenyekiti achovye kidole."

Mwalimu mstaafu alisita, akapandisha mkono wa shati, akachovya kwenye sufuria. "Pingili ya pili."

"Na kwenye kopo."

"Pingili ya pili."

"Mimi niliwaandikia kwamba mvua ilinyesha zaidi kwenye sufuria," alisema Mama Chembe. Kisha akawagawia karatasi zenye hesabu zote ghafi, kila chumba na upana wake pembeni, pamoja na vipimo vya siku zote ambazo karakana ilikuwa imefungwa na kilima kikabaki kimesimama. "Msiniamini mimi. Gawanyeni wenyewe."

Kalamu tano zikaanza kukwaruza. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kumaliza. Alikausha kidole chake kwa leso, akasema, "Nani ana ufunguo?"

Siku ya kumi na tisa, karakana ikafunguliwa.

Kikohozi, hata hivyo, kilikuwa hakijaenda popote. Mama Chembe alihamishia mashine kwenye dirisha la darasa, akakaa hapo asubuhi tatu mfululizo, akiandika kila baada ya dakika kumi. Saa moja na dakika ishirini, chumba cha kwanza kilikuwa kinajaa ghafla kama ukumbi wa harusi. Saa mbili kinapungua. Akafuata ukuta kwa nje, na nyuma ya darasa akakuta jiko la kuni la shule na bomba la moshi lililoliwa na kutu, limekatika usawa wa dirisha.

Mpishi alikuwa anachochea moto chini ya pipa la maji. Hayakuwa maji ya kupikia. Tangu baridi ianze, alikuwa akifika shuleni dakika arobaini kabla ya wakati wake, bila kuambiwa na mtu, ili watoto wapate maji ya moto ya kunawa uso na mikono.

Alipoelezwa, ukuni ulimponyoka mkononi. "Mungu wangu. Kumbe mimi ndiye ninayewakohoza?"

"Wewe ndiye unayewapa maji moto, dada," Mama Chembe alimwambia. "Kosa ni la bomba fupi."

Shule haikuwa na fungu la bomba jipya. Aliyekuja na ngazi alikuwa Mzee Randa, siku ya mapumziko, pamoja na fundi bati ambaye ni shemeji yake. Walipandisha bomba mita tatu juu ya paa na kulifunga kwa mbao pande mbili. Mpishi alisimama chini akirudia kuomba msamaha, mpaka mzee akamwambia kutoka juu, "Mimi najua kusingiziwa kulivyo, mama. Acha maneno, shika ngazi."

Asubuhi iliyofuata moshi ulitoka, ukanyooka, ukaenda zake juu ya mji. Mama Chembe alipima. Chumba cha kwanza kilikuwa kimeshuka kutoka ishirini hadi saba. Aligawanya, akagawanya tena, akampa na mwalimu wa darasa agawanye.

Kifaranga bado anakohoa siku za baridi kali, lakini halii tena, na haombi radhi. Watoto bado wananawa maji ya moto. Barua ya onyo iko kwenye faili, na Mama Chembe anayo nakala yake nyumbani, ameikunja ndani ya kijitabu cha mashine, kwenye ukurasa wenye mstari mwekundu.

Sasa jua limepanda, na ameshuka kutoka paani. Chumba chake cha kazi ni kidogo, chenye meza moja na dirisha moja la mashariki. Mwanga unaingia kwa mshazari, na ndani yake vumbi linacheza kama lilivyocheza chini ya tundu la msumari. Mwanga huo unaishia ukutani, kwenye sanduku la mbao lisilo na kifuniko.

Sanduku hilo Mzee Randa alilileta mwezi uliopita, limefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amemuuliza maswali mengi wiki moja kabla, vyumba vingapi, vipana kiasi gani, naye akadhani mzee anataka kuongea tu. Ni kazi ya mti mwekundu, imepigwa msasa mpaka inateleza kama kokoto ya mtoni. Ndani yake kuna vyumba kumi. Tisa vina upana wa vidole viwili. Cha kumi kina upana wa vidole kumi na viwili.

"Hakuna msumari hata mmoja humu," anasema, akipitisha kidole kwenye kingo. "Nilimuuliza, mzee, hili la nini? Akasema, 'La kukukumbusha. Na ukisahau, ukuta utakumbuka.'"

Ana mpango wa miaka miwili iliyobaki. Ameandika barua kuomba kila ripoti ya ofisi itoke na hesabu ghafi na upana wa vyumba pembeni ya picha, "ili hata seremala aweze kunikamata." Mkuu ameshaweka sahihi, safari hii bila kufuta miwani. Na akistaafu, anataka kuzunguka shuleni na sufuria yake na kopo lake, awachovyeshe watoto vidole.

Sanduku hatalichukua.

"Litabaki hapohapo," anasema. Mshale wa jua umefika kwenye chumba kile kipana, na chembe zinashuka ndani yake, polepole, bila haraka ya kufika. "Atakayekaa kwenye kiti hiki siku moja ataliangalia, atauliza, 'Hiki kimoja mbona kikubwa?' Akishauliza hivyo tu, mimi huko nyumbani nitakunywa chai yangu kwa amani."